Treni Mbili, Namba Moja

Siku niliyofungua injini ya treni kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari mama wa watoto watatu, na nilidhani naujua umeme. Nilikuwa nimetengeneza redio Bwera kwa miaka mingi, katika kibanda kilichotazama barabara iendayo mpaka wa Kongo. Kisha redio za bei rahisi zikajaa sokoni. Watu wakaacha kutengeneza, wakawa wanatupa na kununua nyingine, nami nikaenda Kasese kutafuta kazi.

Nawaandikia nyinyi mafundi mliobaki mezani, Biira na Muhindo, na wale watakaokuja baada yenu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu kilikuwa "Mama Masika" tangu mwanzo hadi mwisho, na mishahara ya pale mnaijua wenyewe.

Karakana ilikuwa pale pale ilipo leo, upande wa mto Nyamwamba, nyuma ya nyumba ya Mzee Wafula. Kwa wale ambao hamkumkuta: Mzee alikuwa Mkenya, Mbukusu, aliyeletwa Kasese na reli. Kazi yake ilikuwa kutunza taa na ishara za stesheni. Treni zilipoacha kuja, wenzake walirudi kwao. Yeye alikuwa ameshajenga na kupanda migomba, akabaki. Mhandisi mmoja wa mgodini, mgeni, alipokuwa anahama alimwachia sanduku la treni ndogo, zile zinazokimbia juu ya meza. Mzee akazitengeneza zote. Mhandisi akawasimulia marafiki zake wa Kampala na Nairobi, nao wakaanza kutuma zao. Hivyo ndivyo mji ambao treni zimeuhama ulivyopata karakana ya treni. Zilikuja kwa basi, katikati ya magunia ya vitunguu, na nyingine zilikaa wiki nzima mezani zikinuka mchuzi.

Asubuhi yangu ya kwanza Mzee aliniwekea injini nyeusi mbele yangu.

"Fungua, halafu funga," akasema.

"Nitengeneze nini, Mzee?"

"Kutengeneza ni kesho. Leo fungua, funga."

Nikafungua. Springi ya ndani ya mota, nyembamba kama unywele, ikaruka ikapotea. Niliitafuta sakafuni mchana kutwa, kwa magoti, nikiburuta sumaku, huku Mzee akinywa chai yake taratibu. Jioni nilipoipata ndani ya kiatu changu mwenyewe, aliniambia, "Sasa umejua kwa nini mimi nafungulia ndani ya mfuko wa plastiki. Kitu ikiruka, inabaki ndani."

"Si ungeniambia asubuhi?"

"Ningekuambia asubuhi, mchana ungekuwa umesahau."

Sijawahi kusahau. Alinifundisha pia kubana pindo la aproni kwenye ukingo wa meza ili kila kinachoanguka kiangukie mapajani. Ni ujanja mzuri mpaka mgeni aingie. Wiki ile ile alikuja padri wa parokia, nami nililelewa kupiga magoti nikimsalimu mtu kama huyo. Niliruka kwenda kumsalimu, na kitambaa cha meza kikanifuata, pamoja na skrubu, bisibisi na kikombe cha chai cha Mzee. Padri alitubariki upesi upesi akatoka. Kwa hiyo bana aproni, lakini wageni wasalimu ukiwa umekaa. Watakusamehe.

Miaka ya mwanzo kazi yetu ilikuwa mota na magurudumu. Taa hazikuwa na maana sana. Enzi hizo ulikuwa unaongeza umeme relini na kila injini iliyo juu yake inaondoka, utake usitake. Ukipunguza, zote zinasimama, na taa zinafifia mpaka zinazima. Kisha dikoda za kwanza zikatufikia, kwenye bahasha iliyojaa pamba. Kila moja ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na nyaya zake zimening'inia kama miguu ya buibui.

"Hii ni sikio," Mzee akasema. "Reli sasa inabaki na umeme wakati wote. Kila injini iko na sikio yake, na namba yake. Ukiita namba nane, nane peke yake inaenda."

Tulifunga ya kwanza pamoja, yeye akishika, mimi nikilehemu. Tulipoiweka relini, injini ilikaa kimya bila kusogea, lakini taa yake ya mbele ikawaka, nyeupe, imetulia. Ilikuwa imesimama na taa inawaka! Nikapiga vigelegele. Jirani akaruka ua kuja kuuliza nani amejifungua.

Rangi za nyaya nilizigeuza wimbo, na mwanangu wa mwisho alilala kwa wimbo huo. Nyekundu na nyeusi zinatoka relini. Ya machungwa na ya kijivu zinakwenda kwenye mota. Nyeupe ni taa ya mbele, njano ni taa ya nyuma, na buluu taa zote zinaitumia kwa pamoja. Kila taa na rezista yake ya kuipunguzia umeme. Taa isiyo na rezista huwaka vizuri sana, mara moja tu. Na kubwa kuliko yote: mota isiguse mwili wa injini. Injini za zamani za chuma zilitengenezwa mota ikiwa imeshikana na mwili. Ukiunga dikoda bila kuitenganisha, kutatoka moshi mdogo na harufu ya samaki aliyeunguzwa pamoja na kandambili. Pima kwa mita kabla ya kuunga. Ukimaliza kupima, jifanye hujapima, upime tena.

Sasa nije kwenye harusi, maana mnaniuliza kila mara, na Muhindo akiwasimulia wateja siku hizi ameingiza na tembo. Hapakuwa na tembo.

Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, Kongo. Alikimbilia Bwera na familia yake wakati kwao kulipoharibika kwa vita, akaanza upya na meza moja, na baada ya miaka michache akawa na duka. Alikuwa mtu mwenye sauti ya kuita wateja ng'ambo ya mto hata anapokunong'oneza. Alitufikia Kasese amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Ndani mlikuwa na injini ya kijani ya chuma, nzito kama tofali. Aliinunua ujanani kwa mzungu aliyekuwa anaondoka Butembo, na alivuka nayo mpakani ikiwa katikati ya nguo za watoto. Haikuwahi kutembea hata hatua moja mikononi mwake.

"Mama Masika," akasema, "niko na problemu ya furaha. Mutoto wangu Esperansi anaolewa. Mi nataka hii treni iingie mu sale ya paruasi, taa zinawaka, inaleta pete. Batu bote baone."

Kanisa la kwao lilikuwa limeezuliwa paa kwa ukarabati, na misa zilikuwa zinasomwa kwenye ukumbi wa parokia. Padri alikuwa ameshakubali, kwa sharti kwamba treni isipige honi wakati wa mageuzo ya mkate na divai. Nikaipokea kazi kwa furaha.

Habari zikawafikia wakwe. Bwana harusi aliitwa Barasa, kijana mpole, mtoto wa familia ya Kikenya iliyokuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Mama yake, Mama Nekesa, aliongoza kwaya, na alizoea kuinua mkono mmoja watu arobaini wakanyamaza. Aliingia karakanani, akakataa kiti.

"Nasikia pete italetwa na treni ya upande wa msichana."

"Ndiyo, Mama."

"Na sisi tutakuja na nini? Baiskeli?" Akatoa kwenye mkoba injini nyekundu ya plastiki, mpya, iliyonunuliwa Kampala. "Hii pia iko na taa. Na itatangulia. Kijana ndiye anaoa."

Nilipompigia Papa Kambale simu kumweleza, sikuhitaji kuweka simu sikioni. "Atangulie? Mu sale yetu? Hapa Bwera? Haiwezekane!"

Mngedhani ni mzaha ambao ungeisha wenyewe. Haukuisha. Kikao cha wazee wa pande mbili kilivunjika, watu wakaacha kuzungumza habari ya chakula na mavazi, wakawa wanagombania treni. Mama Nekesa alisema Mzee Wafula ni mtu wao, Mbukusu mwenzao, atajua la kufanya. Papa Kambale alisema mimi ni dada yao, kwani Kikonzo changu na Kinande chake ni lugha zinazosikilizana. Kila upande uliamini umemweka mtu wake karakanani. Mwishowe padri alisema hatatangaza ndoa kwa mara ya tatu mpaka wazazi wakae benchi moja.

Maharusi wenyewe walikuja siku moja mchana, wakakaa kando ya mlango kama watu wanaosubiri daktari.

"Baba anasema kama treni yake haiko mbele, yeye hakuyi," Esperansi akasema. "Mama ya Barasa anasema vilevile. Sasa tutaoana, nani anatuangalia?"

Barasa alikuwa anazitazama zile injini mbili mezani. "Zichome zote, Mama Masika. Tuseme zimeungua."

"Hapa hatuchomi dikoda kwa makusudi," Mzee Wafula akajibu bila kuinua kichwa. "Zinaungua za kutosha bila makusudi."

Esperansi akacheka, halafu ghafla akawa analia, na Barasa akawa hajui aushike mkono wake mbele yetu au aache. Walipoondoka nilikaa mbele ya injini zile mbili nikiwa nazichukia.

Kazi haingoji hasira, kwa hiyo nikaendelea. Ile ya chuma mota yake ilikuwa imeshikana na mwili, kama nilivyoogopa. Nilikata vipande vyembamba kutoka kwenye mfuniko wa kopo la siagi, nikaitenganisha, nikapima, nikapima tena. Ile ya plastiki haikuwa na nafasi hata ya punje ya mtama. Nikatoa chuma cha uzito kilichokuwa ndani na kuweka dikoda mahali pake, ikawa nyepesi mno na magurudumu yanateleza. Nikaenda kwa mafundi wa tairi kuomba vipande vya risasi wanavyosawazishia magurudumu ya magari, nikavibandika kila pembe. Kisha nikaziweka zote mbili kwenye reli za majaribio, kila moja kwenye njia yake, nikabonyeza namba tatu kuijaribu ile ya kijani.

Zikaondoka zote mbili.

Mnajua sababu: kila dikoda mpya hutoka kiwandani ikiitikia namba tatu, mpaka uipe namba nyingine, na sikuwa nimezipa. Nilinyoosha mkono kuzizima, nikauacha hewani. Zilikuwa zinakwenda sambamba kama ng'ombe wawili wanaolimishwa, hakuna iliyotangulia.

"Mzee," nikaita. "Njoo uone."

Alikuja na kikombe chake. Nilizisimamisha, nikaigeuza ile nyekundu, nikaziweka zote kwenye njia moja, kila moja mwisho wake, zikitazamana. Nikabonyeza tatu. Zikaondoka pamoja, zikakaribiana taa kwa taa mpaka zikagusana katikati.

Mzee aliinama akazitazama zilipogusana. Halafu akasema, "Usizipe namba nyingine," akarudi kwenye kiti chake akitabasamu ndani ya kikombe.

Tuliwaita wazazi wote wawili. Nikawaeleza kwamba kila treni itabeba pete moja, kila moja itaanzia upande wake wa ukumbi, na zitakutana katikati. Kitufe ni kimoja na namba ni moja.

"Kwa hiyo yake haianzi mbele?" Papa Kambale akauliza.

"Haiwezi."

"Hata nusu?"

"Hata nusu, Papa."

"Na ya kwake je?" akadakia Mama Nekesa. "Taa yake haiwaki kushinda yetu?"

"Rezista ni ile ile."

Akavaa miwani akainama kukagua, taa moja baada ya nyingine. Niliwaona wote wawili wanatafuta kitu cha kugombania na hawakioni. Mwishowe Papa Kambale alikohoa, akamwuliza Mama Nekesa kama watu wa kwao wanakula sombe, yaani kisamvu. Jumapili iliyofuata ndoa ikatangazwa.

Mzee Wafula alikuwa anaumwa goti siku ya harusi, kwa hiyo nilisafiri na vifaa peke yangu, kwa gari dogo la kukodi. Kabla ya kufika Bwera askari alitusimamisha, akaona sanduku lenye nyaya na betri ya gari.

"Fungua! Hii ni nini?"

"Ni treni ya harusi, afande."

"Usicheze na mimi, mama. Unganisha!"

Nikapanga vipande vichache vya reli kwenye boneti ya gari, nikaunga betri, injini ya kijani ikawasha taa na kutembea. Uso wa afande ulibaki vile vile.

"Rudisha nyuma!" Nikarudisha. "Mbele!" Ikaenda mbele. "Honi!" Nikapiga honi. Akaita wenzake wawili, tukaanza upya. Alipotuachia alisimama wima kabisa akapiga saluti, na hadi leo sijui ilikuwa yangu au ya injini.

Ukumbini walikuwa wameunganisha meza kutoka ukuta hadi ukuta, nikalaza reli juu yake. Nilikaa upande mmoja na rimoti, ambayo waya wake ulikuwa mfupi, na watu wakajaa mpaka madirishani. Saa ya pete ilipofika padri akanitikisia kichwa. Nikabonyeza tatu.

Ziliondoka. Ya kijani kutoka upande wa Papa Kambale, nyekundu kutoka upande wa Mama Nekesa, kila moja ikivuta behewa dogo lenye kitambaa cheupe na pete juu yake. Na hapo, shibiri moja tu kabla ya kukutana, ile ya kijani ikasimama, taa yake ikazima.

Niliisimamisha nyekundu haraka. Watoto walikuwa wamepita pale na vidole vya sambusa, reli ilikuwa inang'aa mafuta. Ni jambo la kupangusa tu. Lakini nisingeweza kuiacha rimoti, na kati yangu na pale palikuwa na ukuta wa watu. Papa Kambale alikuwa ameinamisha kichwa. Nilisikia watu upande wa wakwe wakicheka kidogo puani.

Aliyekuwa karibu kabisa na injini ya kijani alikuwa Mama Nekesa.

"Mama!" nikaita. "Reli ina mafuta! Pangusa hapo mbele ya hiyo ya kijani!"

Alinitazama. Akaitazama treni yake, imesimama pale na taa inawaka, peke yake. Kama angekunja mikono tu, siku ile ingekuwa ya upande wao, na asingekuwa amekosa lolote. Akainua mkono, wale waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Kisha akavuta kitambaa chake cha kichwa, kile kipya cha sare ya harusi, akapangusa reli polepole, upande huu na upande ule, kama anayempangusa mtoto uso. Akaisukuma injini ya kijani kwa kidole kimoja, kidogo tu.

Taa ikawaka.

Nikabonyeza tatu. Zikasogea, zikagusana, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia ule mlio mdogo zilipoungana. Halafu paa nusura liondoke na hilo pia.

"Bamekutana!" Papa Kambale akapiga kelele. "Bamekutana! Batu wangu, bamekutana!" Akamkumbatia Mama Nekesa akamwinua juu, kichwa wazi vile vile, naye akampiga begani akimwambia amteremshe, huku akicheka. Kwaya ikaanza bila kiongozi wake. Padri alilazimika kuomba pete mara mbili, kwa sababu Barasa na Esperansi walikuwa wanawatazama wazazi wao na wamesahau kilichowaleta.

Baada ya hapo tulifunga dikoda nyingi ambazo hazikuwa na hadithi. Mzee Wafula aliishi kuiona karakana ikijaa vijana, na alipofariki tulimzika shambani kwake, kati ya migomba yake. Nilichukua kiti chake kwa sababu kilikuwa karibu na dirisha. Nikafundisha kama alivyofundisha yeye, isipokuwa mambo ya springi niliyasema asubuhi.

Kisha macho yakaanza kunichanganyia waya wa kijivu na mweusi, na hiyo si kazi ya kubahatisha. Nikawaambia inatosha.

Mlinichukua siku ya mwisho hadi ile hoteli ya watalii kwenye barabara ya mbugani, yenye meza kubwa ya treni, milima na mahandaki. Nilidhani tumeitwa kutengeneza. Nilikuwa hata nimebeba mita. Biira akanipa rimoti, nikamwuliza ni injini gani inasumbua.

"Hakuna, Mama. Cheza."

Sikumwelewa. Miaka yote ile kila injini niliyoifunga niliitembeza mbele, nikairudisha nyuma, nikawasha taa, nikapiga honi, nikaitia kwenye sanduku lake ikaenda kufurahisha watu wengine. Hata pale nilianza hivyo hivyo: mbele, nyuma, taa, honi. Muhindo akanicheka. Basi nikaituma handakini nikasubiri. Mlima ulikuwa kimya. Halafu mwanga ukaanza kuonekana ukutani, ukakua, na injini ikatoka mbio ikinijia. Nikaiita nyingine, na nyingine tena, mpaka meza nzima ikawa taa zinazopishana.

Mliniita chakula. Baadaye mkaniita tena, mkasema kuku anapoa. Mlidhani masikio nayo yameanza kuchoka, nikawasikia mkisemezana hivyo mlangoni.

Niliwasikia vizuri sana. Nikaongeza mwendo.